Ulizeni Saa

Wanangu mnaomaliza masomo ya mionzi na ya udaktari na kupangiwa hospitali za mikoa, nataka tuzungumze kuhusu fomu ya picha iliyoandikwa maneno mawili tu: kichwa kinauma. Fomu hiyo mtaipokea kila siku. Wengi wanaoileta wana kipandauso, presha, malaria, macho yanayohitaji miwani, au maisha yamewabana. Mmoja katika wengi hao ana mshipa wa ubongo uliotuna, na sasa umeanza kuvuja damu. Kwenye benchi wanakaa pamoja na huwezi kumjua kwa kumtazama. Anayewatenganisha, kabla mashine haijawashwa, ni yule anayeuliza maumivu yalianza saa ngapi na yalichukua muda gani kufika kileleni. Nimekaa chumba cha picha tangu enzi za filamu zilizooshwa gizani hadi hizi za kompyuta, na ningeambiwa niwaachie neno moja ningewaachia hilo. Ulizeni saa.

Kwanza muujue ugonjwa wenyewe. Damu hupanda ubongoni kwa mishipa minne, miwili mbele ya shingo na miwili nyuma, ndani ya matundu ya pingili za shingo. Chini ya ubongo mishipa hiyo hukutana na kufanya duara, nalo limepewa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza katika kitabu chake cha mwaka 1664. Ugonjwa hupenda kukaa kwenye duara hilo na matawi yake ya karibu, hasa kwenye njia panda, pale mshipa unapogawanyika na damu kuugonga ukuta kila moyo unapopiga. Mishipa ya ndani ya fuvu ina kuta nyembamba kuliko mishipa mingine ya ukubwa wake, tena haina nyama ya kuiegemea. Imezungukwa na maji ya ubongo tu. Ukuta ukichoka mahali pamoja hutuna kama tyubu ya baiskeli iliyozeeka. Hiyo ndiyo aneurizimu.

Kati ya watu wazima 100, karibu 3 wanatembea nayo bila habari. Wengi watazeeka nayo na kufa kwa jambo jingine. Wanawake huipata zaidi ya wanaume, na sigara na presha isiyotibiwa huikuza. Mwenye ndugu wa damu wawili waliowahi kuipata yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na vilevile mwenye ugonjwa wa kurithi unaojaza figo malengelenge ya maji.

Msije mkadhani huu ni ugonjwa wa wazee wa Ulaya. Kwetu kuna njia nyingine za kuupata, nazo huwapitia vijana. Mtoto aliyeumwa homa ya baridi yabisi, valvu za moyo zikaharibika, bakteria huweza kujenga kwenye valvu hizo, kisha vipande vikarushwa na damu hadi ubongoni na kuuoza ukuta wa mshipa. Aneurizimu ya namna hiyo hukaa pembeni kabisa, kwenye matawi madogo, mbali na pale mlipozoea kutazama. Wagonjwa wa selimundu nao mishipa yao huumia, mingine huziba na mingine hutuna. Na VVU, hasa kwa watoto na vijana ambao hawajapata dawa ipasavyo, huweza kuupanua mshipa mzima kwa urefu wake. Kwa hiyo umri mdogo usiwe sababu ya kumrudisha mtu benchi.

Ipo aina nyingine isiyofanya kifuko. Mshipa wenyewe hurefuka, hupanuka na kujipinda, hasa ule wa basila unaopanda mbele ya shina la ubongo. Kipimo kinachotumika ni milimita 4.5, ukizidi hapo umepanuka kupita kawaida. Mara nyingi mwenye nao ni mtu mzima aliyeishi na presha miaka mingi. Atakuja na upande mmoja wa uso unaochezacheza wenyewe, au na viharusi vidogo vinavyojirudia. Mwingine atakuja na maumivu ya shavu yanayochoma kama umeme, na ukimfunua kinywa utakuta ameshang'olewa meno mazima, kwa sababu kila alikokwenda walidhani ni jino. Mshipa huo huonekana hata kwenye CT isiyo na dawa. Wasomaji wengi wa picha huupita kwa kuwa hawakuja kuutafuta. Upimeni, uandikeni kwenye ripoti.

Sasa nirudi kwenye saa. Maumivu ya damu iliyovuja hayapandi polepole kama ya homa. Hulipuka, na ndani ya dakika moja hivi yameshafika juu kabisa. Wagonjwa wetu wana namna yao ya kueleza: nimepigwa rungu la kisogo, niligeuka nikidhani kuna mtu nyuma yangu. Wengine hutapika, shingo hukakamaa, wengine huanguka au kushikwa na degedege. Msimuulize mtu kama kichwa kinauma sana, maana kila mwenye kichwa atasema sana. Muulizeni alikuwa anafanya nini kilipoanza. Aliyevuja damu hukumbuka: alikuwa ameinama kufua, alikuwa msalani, alikuwa anamshusha mtoto mgongoni. Mwenye maumivu ya kawaida hujibu kwamba yalikuja tu.

Mkiwauliza, mtasikia pia habari za nyumbani. Ameshameza panadol, ameshatibiwa malaria bila kipimo, pengine amesomewa au amefukizwa. Msimkaripie, wala msiwakaripie waliomleta. Waliofanya hivyo walimpenda na walitumia walichokuwa nacho. Ukiwakaripia watazificha siku walizokaa naye nyumbani, watasema ameanza leo asubuhi, nawe utaisoma picha kwa saa ya uongo.

Nawaeleza kwa nini saa hiyo ina uzito. Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye CT, lakini weupe huo haudumu. Maji ya ubongo huiyeyusha na kuiosha kila saa inayopita. Utafiti mkubwa uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa picha ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine ya kisasa na kusomwa na mtu aliyebobea, hukamata karibu kila damu iliyovuja kwenye utando wa ubongo. Ukipita muda huo uhakika huanza kupungua. Ikifika wiki moja, karibu nusu ya waliovuja wanaweza kuwa na picha safi. Ndiyo kusema, picha safi ya mtu wa saa 3 na picha safi ya mtu wa siku 3 ni majibu mawili tofauti, hata kama kwenye skrini zinafanana. Huyu wa pili achukuliwe maji ya uti wa mgongo, au apigwe picha ya mishipa kwa dawa. Na maji hayo yana saa yake pia: umanjano unaoonyesha kuwa damu ilikuwemo huhitaji kama saa 12 kujitokeza.

Hapa kuna mtego wa kwetu ambao vitabu vya Uingereza na Marekani haviwezi kuwaonya. Mgonjwa anahesabu saa kwa Kiswahili, fomu inajazwa kwa saa za kizungu. Mama anasema kichwa kilimpasuka saa nane usiku. Anayejaza fomu, amechoka, foleni ni ndefu, anaandika 8:00. Picha inapigwa saa tano asubuhi, yaani 11:00. Kwenye karatasi huyo ni mgonjwa wa saa 3, na picha yake safi inaaminika. Kwa kweli alianza 2:00, ni mgonjwa wa saa 9, na alitakiwa kipimo cha pili. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni saa 6 kamili, na saa 6 ndizo hasa mpaka tunaoupima. Andikeni saa kwa maneno, mseme ni usiku au alfajiri, kisha mwandike na idadi ya saa zilizopita. Kwa wasiovaa saa, ulizeni kwa mambo yanayojulikana: ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri au baada yake, taarifa ya habari ya usiku ilikuwa imeanza, mabasi ya kwanza yalikuwa yameondoka? Utapata jibu zuri kuliko ukimbana na tarakimu.

Jambo jingine ambalo ni letu zaidi kuliko la wenzetu ni upungufu wa damu. Weupe wa damu kwenye CT hutokana na himoglobini. Mjamzito aliyepungukiwa, mtoto wa selimundu, mtu aliyetoka kwenye malaria kali, damu yao ikivuja huonekana ya kijivu, karibu na rangi ya ubongo wenyewe. Himoglobini ikiwa chini ya 10, ile kanuni ya saa 6 msiiegemee. Angalieni namba hiyo kabla hamjaandika kwamba picha ni safi.

Nasi tulio kwenye mashine tuna sehemu yetu. Tangu mashine za CT ziliponunuliwa kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 na kupelekwa hospitali za rufaa za mikoa, mgonjwa wa Tabora au Lindi hana lazima ya kusafirishwa Dar es Salaam kwa picha ya kwanza. Ni neema kubwa, ila mashine haitafuti. Tazameni chini ya ubongo, pale mabwawa ya maji yanapofanya umbo la nyota. Kwa kawaida ni meusi. Yakiwa meupe, hiyo ni damu. Tazameni mfereji ulio kando ya kila pande la ubongo, mlinganishe kulia na kushoto. Tazameni pembe za nyuma za vyumba vya maji, maana mgonjwa amelala chali na damu kidogo huteremka kukaa huko. Mkiipita nyota kwa haraka mtaandika picha safi kwa mtu anayekufa.

Damu ikionekana, picha ya mishipa ifuate papo hapo, mgonjwa akiwa bado mezani kama figo na hali yake vinaruhusu. Wekeni kanula nene, namba 18, kwenye kiwiko cha kulia. Dawa husukumwa kwa kasi ya mililita 4 hadi 5 kwa sekunde, na kanula nyembamba ya kiganjani haiwezi kasi hiyo. Dawa itamwagika nyamani na mkono utavimba. Mashine ianze dawa ikiwa ndani ya ateri. Mkichelewa sekunde chache, vena nazo zitajaa na kuifunika aneurizimu mliyokuwa mnaitafuta.

Kabla ya hapo zungumzeni na mgonjwa, kama anasikia. Mtoeni hereni na vibanio, mchunguzeni mama aliyesukwa kama kuna pini imefichwa ndani ya nywele. Mwambieni kwamba atasikia joto linashuka kutoka kooni hadi kinenani, atadhani amejikojolea, na kwamba hajajikojolea. Asiyeambiwa hushtuka na kutikisa kichwa, na kwa mtikisiko huo kifuko cha milimita 3 kinapotea kwenye ukungu. Nimeona wataalamu wenye vyeti vizuri wakirudia picha na kumwongezea mtu mionzi kwa sababu tu hawakumwambia maneno hayo.

Mkiona kifuko kimoja msishangilie mkaacha kutafuta. Mgonjwa 1 kati ya 5, au hata zaidi ya hapo, ana vifuko viwili au zaidi. Vyenye milimita 3 kwenda juu CT yenye dawa huvikamata vizuri. Vidogo zaidi huweza kuponyoka. MRI huonyesha mishipa bila dawa na bila mionzi, nayo ni nzuri kwa mjamzito na mwenye figo mbovu, lakini mgonjwa aliyechanganyikiwa hawezi kutulia humo. Kipimo kinachoamua mabishano ni angiografia ya mpira mwembamba unaopitishwa kutoka kinenani au kwenye kifundo cha mkono hadi shingoni, dawa ikamwagwa ndani ya mshipa wenyewe. Angiografia ya ubongo ilianzishwa na Egas Moniz, mjini Lisbon, mwaka 1927. Kabla yake madaktari walikuwa wanakisia.

Hiyo CT yenyewe msiiogope kama kitu cha kigeni. Mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 kwa ajili yake ni Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alikuwa mwalimu wa fizikia Cape Town, akaombwa kusimamia kwa muda matumizi ya mionzi katika hospitali ya Groote Schuur, na kwa kuona jinsi dozi zilivyokuwa zinapangwa kwa kukadiria akaanza hesabu za kuuona mwili kwa vipande. Alichapisha hesabu hizo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyemjali, mpaka Godfrey Hounsfield wa Uingereza, kwa njia yake mwenyewe, alipotengeneza mashine iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971. Hesabu zilianzia kwenye wodi ya Afrika, kwa mtu wa muda aliyeuliza swali ambalo wenye kazi yao walikuwa wamelizoea. Ninyi wa mikoani mnakaa mahali kama alipokaa yeye.

Si kila aneurizimu husubiri kupasuka ndipo ijulikane. Nilimpokea mama mmoja muuza samaki ambaye kope la jicho moja lilikuwa limeshuka lote. Alikuwa ameshapewa dawa ya matone mahali pengine akaambiwa arudi baada ya wiki. Daktari kijana wa zamu yetu alilifunua lile kope kwa kidole gumba, akaona jicho limeelekea nje na chini, mboni imepanuka, akammulika kwa tochi na mboni haikusinyaa. Akamuuliza lilianza lini. Mama akasema juzi, akiwa anapaa samaki, na kwamba nyuma ya jicho palimuuma ghafla. Yule kijana hakuandika chochote. Alimwinua mama akaja naye mwenyewe chumba cha picha, amemshika mkono. Tulikuta kifuko nyuma ya ateri kuu ya shingo inapoingia ubongoni, kimeukandamiza mshipa wa fahamu unaoinua kope. Kisukari nacho hushusha kope, lakini mara nyingi huiacha mboni ikifanya kazi. Mboni iliyopanuka na maumivu ya ghafla ni dharura ya siku hiyo hiyo. Mama alipelekwa, akafungwa kile kifuko kabla hakijapasuka, na kope lilirudi juu polepole baada ya miezi.

Aliyevuja damu, hatari kubwa ya kuvuja tena ni ndani ya saa 24 za mwanzo, na mvujo wa pili huua kuliko wa kwanza. Kwa hiyo msimlaze akisubiri zamu ya kesho. Presha idhibitiwe, maumivu yatulizwe, asiachwe atembee kwenda chooni wala kujikamua. Apewe nimodipini, miligramu 60 kila saa 4, kwa siku 21, maana kati ya siku ya 4 na ya 14 mishipa hujibana yenyewe na kuleta kiharusi kwa mtu aliyekuwa ameshaanza kuongea. Ndugu waambiwe hilo mapema, wasije wakadhani wauguzi wamemharibu. Pigeni simu kwa madaktari wa ubongo, kwetu ni Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mtume picha zitangulie, na diski iende na mgonjwa. Fedha zikiwa tatizo, ndugu waelekezeni ofisi ya ustawi wa jamii wakati gari linaandaliwa, si baada yake. Kule ataamuliwa: ama fuvu lifunguliwe na shingo ya kifuko ibanwe kwa kibanio, kama Walter Dandy alivyofanya Baltimore mwaka 1937, ama kifuko kijazwe nyuzi laini za platini kupitia ndani ya mshipa, njia iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wale mtakaowakuta na kifuko kidogo kwa bahati, picha ilipigwa kwa ajali ya bodaboda au sababu nyingine, wanahitaji ulimi wenu zaidi ya mashine. Msimwambie mtu ana bomu kichwani. Nimewaona waliotamkiwa hivyo: hawalali, hawakaribii wake zao wala waume zao, wameacha shamba. Mwambieni ukubwa wake kwa milimita, na kwamba vilivyo chini ya milimita 7, hasa vya mbele, vingi havipasuki. Mwambieni aache sigara leo, ameze dawa za presha hata siku anayojisikia mzima, na awaulize wazee wa ukoo kama yupo aliyeanguka ghafla na kufa akishika kichwa. Wakipatikana wawili wa karibu, mama na kaka, au dada wawili, wengine nao wastahili kupigwa MRI. Picha yake isitoke kwenye simu yako kwenda kwenye kundi la WhatsApp hata kama jina limefunikwa. Ukituma kwa daktari wa kumshauri, mwambie mgonjwa kwanza. Halafu mpe diski yake mkononi, mwandikie tarehe ya kurudi, mwambie aihifadhi mahali pakavu na aje nayo, kwa sababu picha ijayo itasomwa kwa kulinganishwa na hiyo.